Ghala la Zana: Jinsi Desturi ya Kuchangia Programu Ilivyofika Babati

Kata ya Maisaka imo katika Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mji unaokutanisha barabara za Arusha, Dodoma na Singida. Kila mwezi unapokwisha, wahudumu wa afya wa mji huu hufanya kazi ileile inayofanywa na wenzao nchi nzima. Hufungua rejista za MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Huhesabu wagonjwa wa nje, wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua. Kisha hujaza fomu za majumuisho. Tarakimu hizo zikishaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, mwenye ruhusa anaweza kuzisoma akiwa Babati, Dodoma au Dar es Salaam, bila bahasha yoyote kupanda basi.

Ndani ya mfumo huo mna zana ambazo wenye mfumo hawakuzitengeneza. Zimeletwa na watumiaji. Baadhi ziliandikwa na vijana wa Kitanzania katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zikawekwa kwenye ghala la wazi ambako mtu wa nchi nyingine anaweza kuzichukua bila kulipa senti. Desturi hii ya mtu kuunda chombo kwa ajili ya shida yake, kisha kukiweka mahali ambapo wengine watakikuta, ina umri mkubwa kuliko intaneti. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa sababu Afrika Mashariki imetajwa mno kama mpokeaji wa teknolojia, na kwa jambo hili maelezo hayo si kweli tena.

Mwanzo wake uko kwenye kompyuta zilizojaza chumba kizima. Mwaka 1955 wataalamu wa eneo la Los Angeles, wengi wao wakitoka viwanda vya ndege, waliunda chama cha watumiaji wa mashine za IBM wakakiita SHARE. Kompyuta za wakati huo zilikuja karibu tupu, na kila kampuni ilijikuta ikiandika upya programu zilezile za hesabu ambazo jirani alikwisha kuziandika. Chama kikaanzisha maktaba: ukiandika programu nzuri, unaipeleka, ukihitaji, unaiomba. Mwaka 1961 watumiaji wa mashine za kampuni ya Digital wakafuata mkondo huo kwa chama chao cha DECUS. Programu zilisafiri kwenye kanda ndani ya vifurushi vya posta. Ilikuwa kazi nzuri, lakini kila kanda ikishatoka maktaba ilianza kuzeeka. Aliyepokea mwezi Januari hakujua kwamba mwezi Machi mwandishi alikwisha kurekebisha kosa. Kila chuo kilibaki na nakala yake, na kila nakala ikashika njia yake.

Dawa ya tatizo hilo ilipatikana Pittsburgh. Mwaka 1982 Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilifikia makubaliano na IBM ya kujenga mtandao wa kompyuta kwa chuo kizima. Mradi uliitwa Andrew, kwa kuwaenzi matajiri wawili ambao chuo kinabeba majina yao, Andrew Carnegie na Andrew Mellon. Mwanafunzi alitakiwa aweze kuketi mbele ya kompyuta yoyote chuoni na kukuta mafaili yake yote, na mfumo uhimili kati ya mashine 5,000 na 10,000. Wengi waliiona ndoto hiyo kuwa kubwa mno. Kati ya wahandisi walioibeba alikuwamo Mahadev Satyanarayanan, aliyesomea uhandisi Madras, India, kabla ya kwenda Carnegie Mellon. Kazi yao ndiyo iliyozaa Andrew File System, kwa kifupi AFS, mfumo wa mafaili uliosambazwa kwenye seva nyingi lakini unaoonekana kwa mtumiaji kama mti mmoja.

Namna ulivyofanya kazi ni rahisi kueleza, na ndiyo siri ya yote yaliyofuata. Ukifungua faili, programu iliyo kwenye kompyuta yako, waliyoiita Venus, inalivuta kutoka kwenye seva na kulihifadhi kwenye diski yako. Ukilifungua tena kesho, halivutwi upya. Unasoma nakala iliyo karibu. Ili nakala hiyo isipitwe na wakati, seva inatoa ahadi: faili likibadilishwa na mtu mwingine, itakuarifu. Mpaka uarifiwe, jua kwamba ulichonacho ni sahihi. Kwa mpango huo seva haikuwa na haja ya kuulizwa mambo yaleyale mara elfu kwa siku, na mtandao mwembamba wa miaka ya 1980 uliweza kubeba watu wengi.

Kila taasisi iliyofunga AFS ilikuwa na himaya yake, lakini himaya zote zilining'inia kwenye shina moja lililoitwa /afs. Mtu wa Pittsburgh aliweza kuandika anwani ya saraka iliyoko Boston na kuingia humo kana kwamba iko chini ya meza yake, ilimradi mwenye saraka ameruhusu. Ruhusa zenyewe zilikuwa saba, kila moja na herufi yake: kusoma, kuorodhesha, kuingiza, kufuta, kuandika, kufunga na kusimamia. Mwenye kutaka kugawa zana yake kwa dunia nzima aliandika mstari mmoja unaomruhusu mtu yeyote kusoma na kuorodhesha, basi. Mwenye kutaka kupokea michango bila kuhofia kuharibiwa mali yake aliruhusu wageni waingize faili lakini wasiguse yaliyokwisha kuwekwa na wengine. Watu wanaozungumzia programu huria hutaja sana leseni na falsafa. Ni haki yao. Lakini herufi hizo saba zilifanya kazi ambayo falsafa peke yake isingeweza: zilimwondolea mchangiaji usumbufu na zikampa mpokeaji usalama.

Kulikuwa na jambo jingine la werevu. Kompyuta za chuo kimoja zilikuwa za aina mbalimbali, na programu iliyotengenezwa kwa aina moja haikukubali kwenye nyingine. AFS ilikuwa na alama ya pekee, @sys, ambayo ikiandikwa ndani ya anwani, kila kompyuta huitafsiri kwa jina la aina yake. Anwani ikawa moja, na kila mashine ikajipatia programu inayoifaa. Mwandishi wa zana aliiweka mahali pamoja, akarekebisha mahali pamoja, na asubuhi yake kila mtumiaji alikuwa na toleo jipya bila kupokea kanda wala barua. Kile kilichowashinda SHARE na DECUS kilikuwa kimepata dawa.

Wanafunzi ndio walioichangamkia nafasi hiyo kuliko wote. Katika MIT kulikuwa na chama chao cha kompyuta, SIPB, kilichoanzishwa 1969. Mtandao wa chuo hicho, Athena, ulipoanza kutumia AFS, chama hicho kikawa na saraka yake ya programu ambazo chuo hakikuzitoa wala kuzisimamia. Wanachama walizikusanya, wakazijenga kwa kila aina ya mashine na kuzitunza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliandika amri moja fupi, na zana zote zikawa zake.

Mwaka 1989 baadhi ya wahandisi wa Pittsburgh walianzisha kampuni ya Transarc kuuza AFS, na mwaka 1994 IBM ikainunua kampuni hiyo. Mfumo sasa ulikuwa bidhaa yenye bei, lakini desturi ya kuchangia haikufa. Transarc ilitenga saraka ya umma iliyoitwa afs-contrib, na wasimamizi wa mitandao wa taasisi mbalimbali wakaitumia kugawana hati na marekebisho waliyoyatengeneza wenyewe. Hazikuwa programu za kupendeza macho. Zilikuwa zana za mtu wa kazi aliyekesha akitafuta ufumbuzi na kuona ni dhambi mwingine akeshe kwa shida hiyohiyo. Mwaka 2000 IBM ilitoa msimbo wote kuwa huria, mradi wa OpenAFS ukazaliwa, na hazina ya pamoja ya jamii hiyo ikawa na makao kwenye seva ya grand.central.org.

Tanzania ya miaka hiyo ilikuwa mbali na mambo haya. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa mashine lilileta hasara na aibu, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ilidumu kwa miaka. Wakati wanafunzi wa Pittsburgh wanagawana programu kwa mstari mmoja, ofisi za Babati zilikuwa za karatasi, kaboni na taipureta. Hata ramani ya eneo ilikuwa bado inabadilika: Wilaya ya Babati ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985, na wakati huo zote mbili zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha.

Mlango ulifunguliwa na simu. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alitengeneza FidoNet, mtandao wa kompyuta zisizounganishwa moja kwa moja. Kila moja hukusanya barua na mafaili mchana, kisha usiku, simu zikiwa nafuu, huipigia inayofuata kwa modemu na kuikabidhi mzigo. Kwa Afrika ya simu mbovu na za gharama mpango huo ulifaa sana. Bara zima likapewa namba yake katika mtandao huo, Kanda ya 5. Huko Nairobi, kituo cha mazingira cha ELCI kiliendesha mtandao wa NGONET kwa mashirika ya kiraia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, uliogharimiwa na shirika la IDRC la Kanada, uliunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Zambia na Zimbabwe. Huko London, Karen Banks wa GreenNet alisimamia lango lililopitisha barua kati ya vituo hivyo na dunia nyingine. Upande wa afya ulikuwa na HealthNet ya shirika la SatelLife, lililoasisiwa na daktari wa moyo Bernard Lown. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojiunga.

Jambo moja kuhusu FidoNet halitajwi sana, nalo ndilo linaloiunganisha na hadithi hii. Programu zilizouendesha mtandao huo ziliandikwa na wapenzi wa kompyuta, wengi wao bila malipo, na zilisambazwa kupitia mtandao uleule. Msimamizi wa kituo alipata kwa usiku mmoja barua za watu wake na toleo jipya la programu iliyozibeba. Mtaalamu wa Dar es Salaam au Kampala aliyekuwa na laini ya simu na uvumilivu alikuwa mwanachama kamili. Aliweza kupokea zana na kuijaribu kwenye simu za Afrika Mashariki, akarudisha maelezo ya kilichoshindikana. Kizazi cha kwanza cha wataalamu wa mitandao wa eneo hili kililelewa humo, na kilijifunza mapema kwamba programu inaweza kuwa kitu cha kupewa na kutoa.

Tabia hiyo ilijitokeza wazi muongo uliofuata. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka kwenye mradi huria wa kimataifa. Mwaka huohuo madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, Indiana, walikwenda Eldoret, Kenya, ambako hospitali ya Chuo Kikuu cha Moi ilikuwa inahudumia idadi kubwa ya wagonjwa wa Ukimwi kwa kumbukumbu dhaifu. Ziara hiyo ilizaa OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Waliujenga kwa kiini na moduli: kiini ni cha wote, moduli huandikwa na yeyote mwenye haja na kuwekwa kwenye hazina ya pamoja. Hospitali nyingine ikiwa na mahitaji tofauti huongeza moduli yake, na kiini hakiguswi.

Nchini Tanzania safari ilipitia MTUHA. Mfumo huo ulisambazwa nchini katika miaka ya 1990 ukiwa wa vitabu na fomu. Zahanati ilijumlisha na wilaya ikajumlisha za zahanati, kisha mkoa ukajumlisha za wilaya. Kosa la tarakimu moja kule chini lilipanda mpaka wizarani likiwa limevaa suti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilijiunga na HISP, mtandao wa mifumo ya taarifa za afya uliozaliwa Afrika Kusini baada ya uchaguzi wa 1994, na Chuo Kikuu cha Oslo kikiwa mshirika. Kazi ya Jørn Braa, Calle Hedberg na wenzao huko Cape Town ilikuwa imetoa programu ya DHIS, hifadhidata ndogo ya kukusanya takwimu za afya za wilaya.

Toleo hilo la kwanza lilikaa kwenye kompyuta moja moja. Kila wilaya ilikuwa na hifadhidata yake, na ili mkoa upate takwimu, faili lilinakiliwa kwenye diski na kubebwa. Mwenye kufuatilia hadithi tangu mwanzo atalitambua tatizo: ni lile la kanda za SHARE. Wilaya ikirekebisha kosa baada ya faili kuondoka, mkoa unabaki na lile la zamani. Orodha za vituo hazilingani. Virusi vya kompyuta navyo husafiri bure kwenye diski hizohizo.

Mkoa wa Manyara ulikatwa kutoka Arusha mwaka 2002, na ulirithi hali hiyo katika wakati mgumu. Simanjiro na Kiteto ni nchi za mbuga na umbali mrefu. Mbulu iko juu milimani. Barabara ya Babati kwenda Dodoma ilikuwa ya vumbi na matope. Lami ya kilomita 251 kati ya miji hiyo miwili ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 27 Aprili 2018. Kabla ya hapo, msimu wa masika, faili la takwimu lilisafiri kwa mwendo wa gari lililokwama.

Suluhisho lilikuja na intaneti. Oslo waliandika upya programu yote, wakaiita DHIS2, ikaendeshwa kwenye seva na kufunguliwa kwa kivinjari chochote; jimbo la Kerala, India, lilikuwa la kwanza kuitumia mwaka 2006. Nyaya za baharini zilipofika pwani ya Afrika Mashariki, SEACOM ikiwa ya kwanza kwa Dar es Salaam mwezi Julai 2009, hesabu ilibadilika. Kenya ilihamia kwenye DHIS2 ya seva moja ya taifa mwaka 2011. Tanzania ilikamilisha kusambaza mfumo huo nchini mwaka 2013. Wilaya na mkoa zilianza kuangalia tarakimu ileile, kwa wakati uleule.

Kwa macho ya historia, nchi ilikuwa imepata shina lake la pamoja. Nalo lina umbo la mti: taifa, mkoa, halmashauri, kituo. Umbo hilo lina mitego yake, na Manyara ni mfano mzuri. Babati ilikuwa ndani ya Hanang, ikawa wilaya ya Arusha, ikawa ya Manyara, kisha mji ukapata halmashauri yake kando na ya wilaya. Ukihamisha kituo kutoka tawi moja kwenda jingine ndani ya DHIS2, takwimu zake za miaka iliyopita huhama pamoja nacho, na jumla ya zamani ya tawi la kwanza inapungua kana kwamba wale wagonjwa hawakuwahi kuhesabiwa pale. Anayelinganisha miaka bila kujua historia ya mipaka anaweza kutangaza kushuka kwa huduma ambako hakukutokea. Programu yoyote iliyoandikwa mbali itaubeba mti kama ulivyo. Anayejua kwamba tawi fulani lilimegwa mwaka fulani ni mtu wa hapa. Ndiyo maana nchi inayotumia mfumo wa pamoja inahitaji pia watu wake wa kutengeneza zana juu ya mfumo huo.

Mwanzoni hilo lilikuwa gumu. Aliyetaka DHIS2 ifanye jambo jipya alilazimika kuwaomba Oslo, na ombi la Tanzania liliingia foleni pamoja na maombi ya nchi nyingine zote. Mlango ulifunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 2010 kwa mpango unaofanana sana na ule wa moduli za Eldoret: mtu aliruhusiwa kuandika programu ndogo kwa teknolojia za kawaida za tovuti, kuifunga katika faili moja la zip lenye maelezo yake, na kuipandisha kwenye seva yoyote ya DHIS2. Baadaye likajengwa ghala la wazi mtandaoni ambako programu hizo hupokelewa, hukaguliwa na kuwekwa zikiwa na jina la mtoaji na matoleo ya DHIS2 zinayoelewana nayo. Saraka ya afs-contrib ilikuwa imepata mrithi.

Timu ya HISP Tanzania pale Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa miongoni mwa walioitumia nafasi hiyo mapema. Mazingira yaliisukuma. Mwezi Mei 2014 Rais Jakaya Kikwete alizindua kadi ya alama ya afya ya uzazi, mama na mtoto, ambamo mikoa ilipimwa kwa rangi: kijani kwa anayefanya vizuri, njano kwa anayesuasua, nyekundu kwa aliye nyuma. Kadi ya karatasi hutoka mara chache, na hutoka ikiwa imechelewa. Vijana wa Mlimani waliandika programu ya Scorecard inayotengeneza kadi kama hiyo moja kwa moja kutoka kwenye takwimu za DHIS2. Unachagua viashiria, unachagua mahali, unachagua kipindi, na rangi zinajipanga zenyewe. Mganga mkuu wa mkoa anaweza kuziweka Babati, Mbulu, Hanang, Simanjiro na Kiteto kwenye jedwali moja. Akibonyeza anashuka mpaka kwenye kituo kilicholeta nyekundu. Timu hiyohiyo, kwa ushirikiano na UNICEF, ilitengeneza programu ya kuchambua vikwazo vya huduma, ili wilaya ione kama watoto wanakosa chanjo kwa sababu chanjo haipo, mhudumu hayupo, au wazazi hawaji.

Programu hizo ziliingia kwenye ghala la kimataifa. Hapo ndipo historia iligeuka, ingawa haikutangazwa kwa tarumbeta. Nchi ambayo mwaka 1974 ilizuia kompyuta bandarini ilikuwa sasa inaweka zana zake mahali ambapo wizara za afya za mabara mengine hujichukulia. Na haikuwa peke yake. Mwezi Januari 2020, kabla dunia haijaelewa ukubwa wa janga la COVID-19, timu ya HISP ya Sri Lanka ilikwisha kutengeneza kwenye DHIS2 chombo cha kufuatilia wasafiri na wagonjwa, ikakigawa. Makumi ya nchi zilikitumia au zilijenga juu yake, na manispaa za Norway, nchi ambako DHIS2 yenyewe inaandikwa, nazo zilitumia mfumo huo kufuatilia maambukizi. Mzigo ulikuwa umepanda kutoka kusini kwenda kaskazini.

Sifa hizo zisifunike ugumu wa kazi yenyewe, kwani kutoa zana ni sehemu nyepesi. Honest Kimaro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na José Nhampossa wa Msumbiji waliandika mwaka 2005 kuhusu kwa nini mifumo ya taarifa za afya haidumu katika nchi zao. Walionyesha kwamba wizara, wafadhili na waandishi wa programu huanza kazi bila kupatana nani atairithi, na mradi ukiisha, ujuzi unaondoka na wenye mradi. Onyo lao linahusu programu ndogo za ghalani kama linavyohusu mifumo mikubwa. DHIS2 hutoa toleo jipya kila mwaka, wakati mwingine zaidi ya moja. Kiini kikibadilika, programu iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kugoma leo, na kama aliyeiandika amehamia kampuni ya simu au amemaliza mkataba wa mradi, hakuna wa kuifufua. AFS ilipitia hayohayo: saraka zake za michango zilijaa hati ambazo wenyewe walikwisha kustaafu. Zilizoendelea kuishi zilikuwa zile zenye mtu mwenye jina, anayejibu akiulizwa.

Tanzania ina faida hapa ambayo haijatumiwa vya kutosha. Kazi ya HISP imekaa ndani ya chuo kikuu, na chuo kikuu hakiishi kwa mradi mmoja. Kila mwaka huingia wanafunzi wapya. Baadhi ya walimu wake, kama Kimaro na Juma Lungo, walifanya shahada za uzamivu Oslo juu ya matatizo haya haya, wakarudi kufundisha. Serikali nayo imeunda mamlaka ya serikali mtandao kwa sheria ya 2019, na mifumo ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kama PlanRep ya mipango na bajeti na GoT-HoMIS ya hospitali imefika kwenye halmashauri. Mifumo ipo, seva zipo, watu wapo.

Kinachokosekana ni njia ya kutoka chini kwenda juu. Halmashauri nyingi zina mratibu wa MTUHA au mtakwimu aliyejitengenezea jedwali la Excel la kukamata makosa: linaloonyesha kituo kilichoandika watoto wengi waliochanjwa kuliko waliozaliwa, au kilichorudia tarakimu za mwezi uliopita bila kubadilisha hata moja. Jedwali hilo hukaa kwenye kompyuta ya mtu mmoja. Akihamishiwa Kiteto au Mbulu, anaondoka nalo, na aliyekuja nyuma yake anaanza upya. Hii ndiyo hali ya Los Angeles kabla ya 1955, na hakuna sababu ya kuivumilia katika nchi ambayo tayari ina ghala na watu wanaojua kulitumia.

Wizara ya Afya na TAMISEMI zinaweza kuanzisha kwa ajili ya halmashauri saraka moja ya taifa ya kupokea zana hizo, kila moja ikiwa na jina la aliyeitengeneza, tarehe, kazi yake na toleo la mfumo ambamo ilijaribiwa, na timu ya Mlimani ikachukua zinazofaa na kuziandika upya kama programu za DHIS2. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na semina moja ya hotelini. Na wewe mratibu unayesoma haya ukiwa Maisaka, Katesh, Dareda au Orkesumet, usisubiri waraka: ondoa majina ya wagonjwa kwenye jedwali lako, andika ukurasa mmoja wa maelezo ya namna linavyofanya kazi, weka jina lako juu, na mpelekee mwenzako wa halmashauri ya jirani wiki hii.